Miaka 50 Imetoka Wapi? Mwongozo wa Kusoma na Kukatia Rufaa Hukumu ya Mauaji ya Genge California

Kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiendesha gari, ambaye hakushika bastola wala hakushuka garini, anahukumiwa kifungo cha miaka 50 hadi maisha. Mama yake anatoka mahakamani akiuliza: sheria ya kuua kwa kukusudia inasema miaka 25 hadi maisha, je, hizo 25 nyingine zimetoka wapi? Mfano huu nimeutunga, lakini hesabu yake ni ya kweli, na swali la mama huyo ndilo mahali pa kuanzia, kwa sababu mtu asiyejua jinsi adhabu ilivyojengwa hawezi kujua ni sehemu gani ya jengo inayoweza kubomolewa.

Kwa msomaji aliyezoea sheria za Afrika Mashariki, jambo hili ni geni. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaweka adhabu moja tu kwa aliyeua kwa kukusudia, yaani kifo, wala hapana cha kujumlisha. California hujumlisha. Juu ya adhabu ya kosa lenyewe huwekwa nyongeza ya silaha, nyongeza ya genge na wakati mwingine nyingine zaidi, na kila nyongeza ina kifungu chake, viini vyake vya kuthibitishwa, na njia yake ya kupingwa. Mwongozo huu hauchukui nafasi ya wakili. Kazi yake ni kumsaidia mfungwa na jamaa zake kumwuliza wakili maswali yanayostahili, na kuyauliza kabla muda haujapita.

Hatua ya kwanza: hesabu siku

Kabla ya kutafakari hoja yoyote, tazama kalenda. Notisi ya rufaa katika kesi ya jinai kubwa huwasilishwa ndani ya siku 60 tangu hukumu ilipotolewa, na hupelekwa katika mahakama ile ile ya kaunti iliyosikiliza kesi. Watu wengi huituma moja kwa moja Mahakama ya Rufaa, na huko wanapoteza siku ambazo hawana. Fomu inayotumika ni CR-120. Ni fupi, haidai hoja wala sababu za rufaa. Inamtaka tu mshtakiwa aseme kwamba anakata rufaa, na ina sehemu ya kuomba wakili wa kulipwa na serikali kwa asiye na uwezo. Kwa hiyo hakuna haja ya kungoja mpaka upate hoja nzuri. Wasilisha notisi kwanza.

Mfungwa akiikabidhi notisi kwa maofisa wa gereza ili itumwe kabla ya siku ya 60, mahakama huihesabu kuwa imefika kwa wakati hata kama imechelewa njiani. Vilevile, tangu kesi ya Benoit ya 1973, mahakama zimekubali kumwokoa mfungwa ambaye wakili wake alimwahidi kuwasilisha notisi kisha akasahau, mradi mfungwa mwenyewe hakukaa kimya kwa uzembe. Hata hivyo huo ni mlango wa dharura, na hapafai kuutegemea.

Aliyekiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka yuko katika hali ngumu zaidi. Akitaka kupinga uhalali wa kukiri kwake, hana budi kupata pia kibali maalumu cha jaji wa kesi kinachothibitisha kwamba rufaa ina msingi, na ombi la kibali hicho limefungwa na siku 60 zile zile. Aliyehukumiwa kifo hahitaji kufanya lolote kati ya haya, kwa kuwa rufaa yake hupanda yenyewe hadi Mahakama ya Juu ya California.

Hatua ya pili: pata karatasi, na uzisome kwa mpangilio

Unahitaji karatasi nne: muhtasari wa hukumu, ambao ni kurasa chache zinazopelekwa gerezani zikionyesha kila shtaka na kila nyongeza, hati ya mashtaka, fomu za uamuzi zilizotiwa sahihi na juri, yaani wale raia 12 wanaoamua kama mtu ana hatia, na maelekezo ya kisheria ambayo jaji aliisomea juri. Mwenendo wa kesi uliochapwa, ambao unaweza kufikia maelfu ya kurasa, utaandaliwa kwa ajili ya wakili wa rufaa, na kwa asiye na uwezo hautagharimu chochote.

Nasisitiza maelekezo ya juri kwa sababu familia nyingi huyapuuza na kukimbilia ushahidi. Ushahidi huonyesha kilichotokea. Maelekezo huonyesha ni kwa nadharia ipi mtu alitiwa hatiani, na katika kesi za magenge nadharia ndiyo mara nyingi huamua nani atapata nafuu. Andika pembeni namba za maelekezo. Ukiona 402 au 403 katika mfululizo uitwao CALCRIM, au 3.02 katika mfululizo wa zamani uitwao CALJIC, weka alama kubwa. Tutazirudia.

Hatua ya tatu: tenganisha hukumu vipande

Chukua karatasi tupu na uandike kila kipande kwenye mstari wake.

Mstari wa kwanza ni kosa lenyewe. Kuua kwa kukusudia kwa daraja la kwanza ni miaka 25 hadi maisha. Kwa daraja la pili, kwa kawaida ni miaka 15 hadi maisha. Maana ya “hadi maisha” ni kwamba baada ya miaka hiyo mfungwa anaruhusiwa kufika mbele ya bodi ya parole, ambayo huamua kama aachiliwe kwa masharti. Haimaanishi kwamba ataachiliwa.

Mstari wa pili ni silaha. Kifungu cha 12022.53 cha Kanuni ya Adhabu ya California (vifungu vya California vinavyotajwa humu ni vya kanuni hiyo), kilichoanza kutumika mwaka 1998, kina ngazi tatu: miaka 10 kwa aliyetumia bunduki au bastola, miaka 20 kwa aliyefyatua, na miaka 25 hadi maisha kwa aliyefyatua akasababisha kifo au jeraha kubwa. Kwa kawaida nyongeza hii humwangukia mfyatuaji peke yake. Lakini aya ndogo ya (e)(1) inasema kwamba kosa likithibitika kuwa la genge, basi kila mshiriki wa kosa hubeba nyongeza hiyo, hata kama ni mwenzake aliyefyatua. Hapo ndipo zilipotoka zile 25 za dereva wetu.

Mstari wa tatu ni genge. Kifungu cha 186.22 kilitokana na sheria ya mwaka 1988. Kinaongeza miaka 2, 3 au 4 kwa makosa ya kawaida, miaka 5 kwa makosa mazito, na miaka 10 kwa makosa ya ukatili. Ungedhani basi kwamba mauaji, kwa kuwa ni kosa la ukatili kuliko yote, hubeba miaka 10. Sivyo. Mahakama ya Juu ya California iliamua katika kesi ya Lopez ya 2005 kwamba kosa lenye adhabu ya maisha halibebi zile 10. Badala yake sheria huweka kiwango cha chini cha miaka 15 kabla ya parole. Kwa daraja la kwanza, ambalo tayari lina 25, kiwango hicho kimekwisha kumezwa. Muhtasari wa hukumu ukionyesha miaka 25 hadi maisha kwa mauaji pamoja na 10 za genge juu ya shtaka hilo hilo, hapo pana kosa la kisheria, na adhabu isiyoruhusiwa na sheria inaweza kusahihishwa hata kama wakili hakupinga siku ile.

Kwa hiyo kuna jambo ambalo huwashangaza watu kila wanapoelezwa: katika kesi ya mauaji ya daraja la kwanza, uthibitisho wa genge wenyewe huenda usiongeze hata siku moja, lakini ndio ufunguo uliofungua nyongeza ya silaha kwa mtu ambaye hakufyatua. Uthibitisho wa genge ukianguka, (e)(1) huanguka nao, na miaka 50 ya dereva inarudi kuwa 25. Kwa mfyatuaji mwenyewe anguko hilo halitagusa zile 25 za silaha, kwa kuwa zake hazitegemei genge. Ndiyo maana washtakiwa wawili wa kesi moja, waliokaa benchi moja na kusikia ushahidi mmoja, wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa katika rufaa moja.

Mstari wa nne haupo katika kila kesi, lakini ukiwapo ni mzito kuliko yote. Kifungu cha 190.2(a)(22), kilichopitishwa na wapigakura mwaka 2000, kinasema kwamba aliyeua kwa makusudi akiwa mshiriki hai wa genge, kwa lengo la kuendeleza shughuli za genge hilo, anastahili kifo au kifungo cha maisha bila parole. Kipande hiki huitwa mazingira maalumu.

Hatua ya nne: uliza kama hukumu imekwisha kuwa ya mwisho

Hili ndilo swali ambalo wakili mzuri atauliza kabla ya kuuliza jina la mteja. California ina kanuni, iliyotokana na kesi ya Estrada ya 1965, kwamba sheria mpya inayopunguza adhabu au kubana kosa huwafikia wote ambao hukumu zao bado hazijawa za mwisho, isipokuwa bunge limesema vinginevyo. Hukumu huwa ya mwisho pale njia zote za rufaa ya moja kwa moja zinapokwisha, pamoja na siku 90 za kuomba Mahakama ya Juu ya Marekani iisikilize kesi.

Basi andika tarehe mbili: siku ambayo rufaa ya mwisho ilikataliwa, na siku ya 90 baada yake. Ikiwa bado hujafika huko, sehemu kubwa ya marekebisho ya miaka ya karibuni inakuhusu moja kwa moja. Ikiwa umeshapita, usikate tamaa, lakini ujue kwamba mlango wa kupinga nyongeza ya genge kwa sheria mpya ni mwembamba sana, na huenda mlango wako ni ule wa hatua ya sita. Kuna pia hali ya kati: mtu ambaye hukumu yake ilibatilishwa kwa njia nyingine na anarudishwa mahakamani kupangiwa adhabu upya. Kesi ya Padilla ya 2022 ilikubali kwamba hukumu ya namna hiyo imefunguliwa tena na si ya mwisho, hivyo sheria mpya zinaweza kumfikia.

Hatua ya tano: pima uthibitisho wa genge kwa sheria ya sasa

Tarehe 1 Januari 2022 ilianza kutumika sheria ambayo mawakili wote huijua kwa jina la AB 333. Iligusa karibu kila neno la kifungu cha 186.22, na mtu aliyehukumiwa kabla ya hapo anapaswa kuyapitia mabadiliko yake moja baada ya jingine huku ameshika maelekezo ya juri mkononi.

Zamani ilitosha kuonyesha kwamba kundi lina jina au alama, lina shughuli kuu za kihalifu, na watu wake wamewahi kutenda makosa mawili au zaidi ya aina iliyotajwa. Sasa kundi lazima liwe limejipanga. Makosa ya nyuma lazima yawe yamelinufaisha genge kwa pamoja, na faida hiyo iwe zaidi ya sifa na heshima ya mtaani, kwa mfano fedha, kulipiza kisasi, kulenga mpinzani, au kumtisha shahidi. Kosa la mwisho kati ya hayo liwe limetendeka ndani ya miaka mitatu kabla ya kosa linaloshtakiwa, na kosa linaloshtakiwa lenyewe haliwezi tena kuhesabiwa kama moja ya hayo mawili.

Mahakama ya Juu ya California imeyaeleza maneno haya katika kesi kadhaa. Katika kesi ya Tran ya 2022 ilisema kwamba mabadiliko ya viini vya nyongeza yanawafikia ambao hukumu zao si za mwisho. Katika Cooper ya 2023 ilibatilisha uthibitisho wa genge kwa sababu juri haikuambiwa kwamba makosa ya nyuma lazima yawe yamelinufaisha genge. Unyang'anyi na uuzaji wa dawa za kulevya, ilisema kwa ufupi, mtu anaweza kuufanya kwa ajili ya mfuko wake mwenyewe. Katika Rojas ya 2023 iliruhusu viini vipya vitumike pia katika mazingira maalumu ya 190.2(a)(22), ingawa kifungu hicho kilipitishwa kwa kura ya wananchi. Na katika Clark ya 2024 ilidai pawe na uhusiano kati ya makosa ya nyuma na genge kama jumuiya iliyojipanga, badala ya kurundika makosa ya watu binafsi wanaofahamiana.

Si kila sehemu ya AB 333 inarudi nyuma. Kifungu cha 1109 kinampa mshtakiwa haki ya kudai suala la genge lisikilizwe peke yake, baada ya juri kwanza kuamua kama ana hatia ya kosa lenyewe. Nadhani hiki ndicho kifungu chenye faida kubwa kuliko vyote, kwa sababu juri iliyokwisha kusikia siku tatu za habari za genge haiwezi kuzisahau inapojadili nani alifyatua. Hata hivyo kesi ya Burgos ya 2024 iliamua kwamba kifungu hicho hakiwahusu waliosikilizwa kabla hakijaanza kutumika. Mtu asikupotezee muda kwa kukuahidi vinginevyo.

Kando ya AB 333, tazama jinsi ushahidi wa genge ulivyoingia. Mara nyingi shahidi ni askari anayeitwa mtaalamu wa magenge. Tangu kesi ya Sanchez ya 2016, mtaalamu anaweza kueleza mambo ya jumla aliyojifunza kazini, lakini hawezi kuisimulia juri habari mahususi za mshtakiwa alizozisoma tu katika ripoti za wenzake, kana kwamba ni kweli iliyothibitishwa. Kesi ya Valencia ya 2021 iliongeza kwamba hata yale makosa ya nyuma lazima yathibitishwe kwa ushahidi halali. Na asidhani mtu kwamba kumbukumbu za polisi juu ya nani ni mwanagenge hazina dosari: mkaguzi wa serikali ya California alipokagua hifadhidata iitwayo CalGang mwaka 2016, alikuta watu 42 ambao kwa mujibu wa tarehe zilizoandikwa walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja wa kuzaliwa walipoingizwa, na 28 kati yao walidaiwa kuingizwa kwa sababu wamekiri wenyewe kuwa wanagenge.

Kuna pia hoja ya aliyetenda peke yake. Kesi ya Renteria ya 2022 ilionyesha kwamba pale mtu mmoja anapotenda bila wenzake, haitoshi mtaalamu kusema kwamba uhalifu huongeza heshima ya genge. Lazima ionyeshwe kwamba alilenga kuendeleza uhalifu wa wengine katika genge hilo.

Kabla ya kushangilia, jua mambo mawili. Kwanza, nyongeza ikibatilishwa kwa sababu sheria imebadilika, mwendesha mashtaka ana haki ya kuisikilizisha tena kwa viini vipya. Wengine hufanya hivyo na wengine huacha, kutegemea ushahidi walio nao baada ya miaka mingi. Pili, kuanguka kwa genge hakuangushi mauaji. Tran mwenyewe alishinda hoja ya nyongeza ya genge, na adhabu yake ya kifo ikabaki palepale.

Hatua ya sita: chunguza kama kosa la mauaji lenyewe bado linasimama

Hapa ndipo zile namba ulizoziwekea alama zinapofanya kazi. Kwa miaka mingi California ilimhukumu kwa mauaji mtu aliyesaidia kosa dogo, kama vile kupigana, ikiwa mwenzake aliua na kifo kilikuwa jambo ambalo mtu wa kawaida angeweza kulitarajia. Katika kesi za magenge nadharia hii ilikuwa panga lenye makali mno: vijana wanakwenda kupigana, mmoja anatoa bastola, wote wanakuwa wauaji. Kesi ya Chiu ya 2014, iliyotokana na ugomvi nje ya mgahawa wa piza, ilikataza nadharia hiyo kumfikisha msaidizi kwenye daraja la kwanza la mauaji yaliyopangwa. Kisha sheria iitwayo SB 1437, iliyoanza tarehe 1 Januari 2019, ikasema kwamba dhamira ovu haiwezi kuhesabiwa juu ya mtu kwa sababu tu ameshiriki katika kosa. Na kesi ya Gentile ya 2020 ikathibitisha kwamba daraja la pili nalo limeguswa. Tangu 2022 nafuu hiyo imepanuliwa hadi kwa waliohukumiwa kwa kujaribu kuua na kwa kuua bila kukusudia.

Uzuri wa mlango huu ni kwamba hauulizi kama hukumu ni ya mwisho. Mtu aliyefungwa mwaka 1995 anaweza kuuingia. Ombi huwasilishwa chini ya kifungu cha 1172.6 katika mahakama iliyotoa adhabu, na nakala hupelekwa kwa mwendesha mashtaka na kwa wakili aliyemtetea au ofisi ya mawakili wa umma ya kaunti. Mfungwa anatamka mambo matatu: kwamba hati ya mashtaka iliruhusu nadharia iliyofutwa, kwamba alitiwa hatiani kwa kosa husika au alikiri ili kukwepa kesi, na kwamba kwa sheria ya sasa asingeweza kutiwa hatiani. Aombe wakili katika ombi hilo hilo. Kesi ya Lewis ya 2021 iliamua kwamba ombi likiwa limekamilika kwa sura yake, wakili lazima ateuliwe kabla jaji hajaanza kulichambua.

Mwendesha mashtaka ana siku 60 za kujibu na mwombaji siku 30 za kujibu majibu hayo. Jaji akiona ombi lina msingi wa awali, anaitisha usikilizwaji kamili, na hapo mzigo wa kuthibitisha pasipo shaka ya msingi unarudi kwa mwendesha mashtaka. Simulizi la matukio lililoandikwa katika uamuzi wa rufaa ya zamani haliruhusiwi kutumika kama ushahidi wa kilichotokea, na ni vyema mwombaji alijue hilo, kwa kuwa simulizi hizo huandikwa kwa kuegemea upande ulioshinda.

Nani hafai? Mfyatuaji aliyethibitika kuwa ndiye muuaji, kwa kawaida hafai. Wala msaidizi ambaye juri ilielekezwa tu juu ya usaidizi wa moja kwa moja wenye nia ya kuua, bila nadharia nyingine. Lakini jihadhari na wanaokataza upesi. Katika kesi ya Curiel ya 2023, juri ilikuwa imethibitisha mazingira maalumu ya genge, ambayo yanadai nia ya kuua. Mahakama ikasema hata hivyo nia peke yake haitoshi kumfungia mlango, kwa sababu haionyeshi kwamba msaidizi alitenda jambo la kusaidia mauaji yenyewe huku akilijua kusudi la mfyatuaji. Mtu mwenye nia ya kuua katika kesi ya genge anaweza bado kuwa alitiwa hatiani kwa nadharia iliyokufa.

Akishinda, shtaka la mauaji linafutwa na anapangiwa adhabu kwa makosa yaliyobaki au kwa lile kosa dogo alilolisaidia. Akishindwa, anaweza kukata rufaa, na siku ni zile zile 60.

Hatua ya saba: omba jaji atumie hiari yake

Hadi mwisho wa 2017 jaji hakuwa na ruhusa ya kuiondoa nyongeza ya silaha hata akiona haifai. Tangu tarehe 1 Januari 2018 anaweza, na kesi ya Tirado ya 2022 ilifafanua kwamba si lazima achague kati ya 25 na sifuri. Anaweza kushuka hadi 20 au 10. Tangu 2022 kifungu cha 1385 kinamtaka pia azipe uzito mkubwa sababu za kupunguza, kama vile umri mdogo au kiwewe cha utotoni, ingawa kesi ya Walker ya 2024 ilisema huo si wajibu wa kufuta. Hiari hii ni ya wale ambao hukumu zao hazijawa za mwisho au zimefunguliwa tena. Wengine hubaki kutegemea jaji, gereza au mwendesha mashtaka aanzishe mwenyewe marejeo ya adhabu chini ya kifungu cha 1172.1.

Hatua ya nane: fuata rufaa hadi mwisho wake

Mahakama ya Rufaa ya California ina wilaya sita, na kesi husikilizwa na majaji watatu. Hakuna mashahidi wapya. Wakili wa mrufani ana siku 40 tangu kumbukumbu za kesi zilipowasilishwa kuleta hoja zake za maandishi, Mwanasheria Mkuu wa jimbo ana siku 30 kujibu, na mrufani siku 20 za kujibu majibu. Kwa kweli muda huongezwa mara nyingi, na rufaa ya mauaji inaweza kuchukua mwaka mmoja na zaidi. Mshtakiwa ambaye wakili wake hakupinga jambo wakati wa kesi huambiwa mara nyingi kwamba ameipoteza hoja hiyo, isipokuwa sheria ilibadilika baadaye au adhabu yenyewe haikuruhusiwa.

Wakili wa rufaa akiandika kwamba hakuona hoja yoyote, mfungwa ataletewa barua inayompa siku 30 za kuandika hoja zake mwenyewe. Barua hiyo isiachwe kwenye meza. Hasa katika rufaa ya ombi la 1172.6, kesi ya Delgadillo ya 2022 ilisema kwamba mfungwa asipoandika chochote, mahakama inaweza kuitupa rufaa bila kuikagua yenyewe.

Uamuzi ukitoka dhidi yake, huwa wa mwisho katika Mahakama ya Rufaa baada ya siku 30, na ombi la kutaka Mahakama ya Juu ya California iitazame kesi lazima liwasilishwe katika siku 10 zinazofuata, yaani kati ya siku ya 31 na ya 40. Ni dirisha dogo mno. Mahakama hiyo hukataa maombi mengi sana, lakini ombi lenyewe lina kazi nyingine: hoja ya katiba ya Marekani ambayo haikufikishwa huko haiwezi kwa kawaida kupelekwa baadaye katika mahakama ya shirikisho, na huko kuna ukomo wa mwaka mmoja uliowekwa na sheria ya 1996, unaoanza kuhesabiwa baada ya zile siku 90 kwisha.

Mambo yasiyomo katika mwenendo wa kesi, kama shahidi ambaye wakili hakumtafuta, hayaingii katika rufaa. Hayo huletwa kwa ombi la hebiasi kopasi, yaani ombi la kutaka mahakama ichunguze uhalali wa kifungo, kwa fomu HC-001. Njia hiyo hiyo hutumiwa na wafungwa wanaodai ubaguzi wa rangi katika mashtaka au adhabu chini ya kifungu cha 745, ambacho tangu tarehe 1 Januari 2024 kinawafikia hata wafungwa wa magereza ya jimbo ambao hukumu zao ni za mwisho. Kwa nyongeza za genge, dai hili si la pembeni.

Mambo ya kufanya wakati mkingojea

Simu za gerezani hurekodiwa. Usizungumze nani alikuwa wapi, hata kwa Kiswahili, hata kwa mafumbo. Mwendesha mashtaka anao wakalimani. Mambo ya kesi yaandikwe kwa wakili, katika barua iliyotiwa alama ya mawasiliano ya kisheria. Mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza ana haki ya mkalimani katika shauri lote, kwa mujibu wa katiba ya California, na kama alikaa siku nzima za kesi bila kufasiriwa, wakili wa rufaa aambiwe mapema.

Asiye raia wa Marekani, akiwemo mkimbizi mwenye kadi ya kijani, ajue kwamba hatia ya mauaji inamweka katika hatari ya kuondolewa nchini siku atakapotoka, na kwamba kupunguziwa miaka hakuondoi hatari hiyo kama hatia yenyewe imebaki. Wakili wa uhamiaji ashauriwe kabla ya kukubali makubaliano yoyote ya adhabu mpya.

Na kama kosa lilitendeka mfungwa akiwa na miaka 25 au chini ya hapo, kifungu cha 3051 kwa kawaida kinampa nafasi ya kufika mbele ya bodi ya parole kabla ya muda wake. Dereva wetu, mwenye 50 hadi maisha, angefika katika mwaka wa 25 wa kifungo. Haki hii haimhusu aliyehukumiwa maisha bila parole akiwa ametimiza miaka 18. Kesi ya Franklin ya 2016 inaruhusu kukusanya na kuhifadhi mahakamani, mapema, ushahidi wa jinsi alivyokuwa ujanani. Tafuteni sasa ripoti za shule, kumbukumbu za hospitali, barua za walimu na za viongozi wa msikiti au kanisa, na majirani waliomwona akikua, kwa kuwa baada ya miaka 20 shule itakuwa imetupa majalada na baadhi ya majirani watakuwa wamekufa.